Trekta la Zamani Linapoteza Mafuta ya Haidroli: Tafuta Yanakopitia, Ndipo Ununue Kipuri

Kila msimu wa kulima unapokaribia, maswali ni yale yale. "Nimeongeza mafuta juzi, leo dipstiki iko chini tena. Yanaenda wapi?" Na lingine: "Nikinyanyua plau na kuzima injini, linashuka lenyewe. Ninunue pampu?" Wengi wanaouliza wana Massey Ferguson 135, trekta lililoanza kutoka kiwandani Coventry, Uingereza, mwaka 1964, na ambalo bado linalima mahindi na kuvuta trela huku kwetu kana kwamba jana ndiyo limeshushwa bandarini. Mwongozo huu ni wa trekta hilo. Mwenye Massey Ferguson 35 au 165 atakuta mengi yanafanana, ila nafasi za boliti na vipimo avitazame kwenye kitabu cha trekta lake.

Kabla ya kushika spana, elewa kwamba hapa kuna magonjwa mawili. Mafuta yakitoka nje, dipstiki (fimbo ya kupimia mafuta) inaonyesha yameshuka. Mzigo ukishuka wenyewe na dipstiki imebaki palepale, mafuta hayajaenda popote: yamepenya mahali ndani na kurudi kwenye tangi lake. Dawa ya ugonjwa wa kwanza mara nyingi ni sili (pete ya kuzuia mafuta kwenye shafti) au gasketi (karatasi ya kuziba kati ya vyuma viwili) ya bei ndogo. Dawa ya wa pili inaweza kufika hadi kufungua kifuniko kizito kilicho chini ya kiti. Watu hupoteza fedha kwa kutibu ugonjwa mmoja kwa dawa ya mwingine.

Jambo jingine la kujua: kwenye 135, gia boksi, difu na haidroli vinatumia mafuta yale yale, kiasi cha lita 30 hivi. Pampu imekaa humohumo ndani, imezama kwenye mafuta, na inazungushwa na shafti ya PTO, ile inayotokea nyuma ya trekta kuendesha mashine. Kwa hiyo tone linalodondoka chini ya gia boksi ni mafuta ya haidroli pia. Kama trekta lako lina usukani wa pawa, huo una mafuta yake mbali, usiuhesabu hapa.

Vya kuandaa

– Mafuta sahihi. Siku hizi yanayofaa huuzwa kama mafuta ya pamoja ya gia boksi na haidroli ya trekta, na kwenye kopo huandikwa UTTO. Linganisha na kitabu cha trekta lako. Usijaze mafuta ya injini kwa sababu tu yamebaki stoo.
– Dizeli kidogo, brashi ngumu, sabuni ya unga na maji ya kutosha kuosha.
– Poda ya watoto, kopo moja.
– Vipande vya katoni, chaki, tochi.
– Spana na soketi za inchi. Za milimita zitakula vichwa vya boliti.
– Bisibisi pana, kikwangulio cha gasketi, msasa laini, grisi.
– Karatasi ya gasketi na mkasi.
– Beseni au madebe safi ya kukingia mafuta.
– Magogo au stendi imara, na vigingi vya kuzuia magurudumu.

Usalama, na hili usiliruke

Shusha chini kila kilichonyanyuliwa kabla ya kuingiza mkono au kichwa. Plau lililoshikiliwa na haidroli peke yake si plau lililoshikiliwa. Sili ikiachia, linakuja lote. Kama ni lazima libaki juu, liwekee magogo.

Paipu ya haidroli usiipapase kwa kidole kutafuta tundu. Mafuta kwenye mfumo huu yanaweza kupita presha ya psi 2,500, na kitundu kisichoonekana kwa macho kinatosha kuyapenyeza chini ya ngozi. Tumia katoni: ipitishe karibu na paipu uone palipolowa. Mtu akipenyezwa mafuta aende hospitali saa hiyo hiyo, hata kama haumwi na kidonda kinaonekana kama cha mwiba. Mkono unaweza kupotea kwa kungoja kesho.

Sehemu ya kwanza: kutafuta

1. Pima sawasawa. Weka trekta mahali tambarare, shusha mikono ya kunyanyulia mpaka chini, zima injini, ngoja dakika kumi. Futa dipstiki, irudishe, isome. Kama unavuta trela la kubinua, hakikisha limeshuka kabisa, kwa sababu jeki ya trela inakunywa lita kadhaa kutoka kwenye gia boksi hilohilo. "Mvujo" mwingi ninaoulizwa unaishia hapa: mtu alipima trela likiwa juu.

2. Angalia rangi ya mafuta. Ya asali ni mazuri. Meusi yenye harufu ya kuungua yamechoka. Yakiwa meupe kama chai ya maziwa yameingiwa na maji, na maji hayo kwa kawaida yamepita kwenye mipira inayofunika fimbo za gia iliyochanika, mvua ikinyesha trekta likiwa nje.

3. Osha. Najua hatua hii inachosha, na ndiyo inayorukwa kuliko zote. Trekta la miaka mingi lina tabaka la vumbi na mafuta lililoganda kutoka kwenye klachi hadi PTO, na juu ya tabaka hilo huwezi kujua tone la leo na la mwaka jana. Paka dizeli, sugua kwa brashi, osha kwa sabuni, acha likauke. Maji ya presha usiyaelekeze kwenye mipira ya gia wala kwenye dipstiki.

4. Paka poda. Likishakauka, nyunyiza poda kwenye maungio: chini ya kifuniko cha haidroli (kile kizito kilicho chini ya kiti), kuzunguka ncha za shafti ya mikono, kwenye PTO, vifuniko vya ubavuni, na upande wa ndani wa magurudumu ya nyuma.

5. Lifanyie kazi. Endesha nusu saa, nyanyua na kushusha jembe mara nyingi, mafuta yapate moto. Mvujo mwingine hauonekani mafuta yakiwa baridi.

6. Zima, shusha, kagua kuanzia juu kwenda chini. Mafuta hutiririka, kwa hiyo pale yanapodondokea sipo yanapotokea. Tafuta mahali pa juu kabisa ambapo poda imelowa. Hapo ndipo.

7. Fungua taratibu kizibo cha kujazia mafuta trekta likiwa bado la moto. Hewa ikitoka kwa nguvu, ujue njia ya kupumulia imeziba kwa matope na joto linasukuma mafuta kwenye kila sili. Zibua kwanza, lirudishe kazini siku mbili tatu, kisha pima tena. Ukibadilisha sili bila kuzibua, mpya nayo itavuja.

Ukifika hapa utakuwa na jina la mahali. Tufuate kila mahali na kazi yake.

Sehemu ya pili: kutengeneza

8. Paipu na maungio ya nje. Anza na haya kwa sababu ni rahisi. Waya zikianza kuonekana kwenye paipu, badilisha paipu nzima. Kufunga raba au mpira wa baiskeli juu yake ni kujitafutia ajali. Kwenye maungio yenye washa za shaba, washa ya zamani imekuwa ngumu. Ukikosa mpya, ichome kwenye moto mpaka iwe nyekundu, itumbukize majini, isugue kwa msasa laini: inalainika na kuziba tena. Usikaze ungio mpaka uzi ulie. Likivuja baada ya kukazwa kwa kiasi, kuna uchafu au washa imekwisha.

9. Vifuniko vya ubavuni na kifuniko cha haidroli. Kabla ya kufungua, jaribu boliti. Mtikisiko wa miaka hulegeza. Kaza kwa kuvukavuka, moja huku na ya pili mkabala wake, kidogo kidogo. Mwili ni chuma cha kusubu: ukikaza kwa hasira uzi unakatika, na hapo umejipa kazi ya siku nzima. Kama bado panavuja, mwaga mafuta mpaka yawe chini ya usawa wa kifuniko, fungua, kwangua gasketi yote ya zamani pande zote mbili, kata mpya kwa kuiwekea kifuniko juu na kuchora. Kifuniko cha kulia ndicho chenye dipstiki, kwa hiyo kiangalie kinavyotoka na ukirudishe vilevile.

Kuhusu silikoni: paka nyembamba au usipake kabisa. Utepe mnene unaobonyezwa kwa nje unabonyezwa kwa ndani pia, kisha unakatika na kuelea kwenye mafuta mpaka kwenye chujio la pampu. Nimeona matrekta yaliyoletwa na malalamiko ya "pampu imekufa" kumbe pampu inakabwa na silikoni ya fundi aliyepita.

10. Ncha za shafti ya mikono ya juu. Ukiona mafuta yanatiririka kutoka pale mikono ya kunyanyulia inapoingia kwenye mwili, ni o-ringi au sili za shafti hiyo. Kwa hizi huhitaji kufungua kifuniko cha haidroli. Ondoa jembe, shusha mikono, toa fimbo zinazoning'inia. Piga alama ya patasi kwenye mkono na kwenye ncha ya shafti ili virudi meno yaleyale. Ukikosea jino moja mikono haitalingana na plau litalima kwa kuinama upande. Fungua kishikizo, vuta mkono, toa sili ya zamani kwa ncha ya bisibisi bila kukwaruza shafti. Safisha, paka mafuta sili mpya, isukume taratibu. Ukimaliza kukaza, mkono ushuke kwa uzito wake wenyewe. Usiposhuka umekaza kupita kiasi.

11. Sili ya PTO. Hii ndiyo inayochoka mapema kwa wanaotumia mashine ya kupukuchua au ya kufyeka. Egesha trekta pua ikielekea chini, au mwaga mafuta kiasi. Toa kava ya PTO, kisha boliti zinazoshika kikombe cha beringi. Vuta shafti moja kwa moja kwenda nyuma bila kuipindapinda. Sili iko kwenye kikombe.

Unapoweka sili yoyote ya mzunguko, kanuni ni hizi. Mdomo wenye springi uangalie mafuta yaliko. Paka grisi mdomo kabla haujagusa shafti. Igonge kwa kipande cha bomba kinacholingana na duara lake, si kwa nyundo upande mmoja mmoja. Pitisha ukucha kwenye shafti pale sili ilipokuwa inakaa: ukihisi mfereji, sili mpya ikikaa palepale itavuja ndani ya wiki. Iweke milimita mbili hivi ndani au nje ya mfereji, kama nafasi ipo, au peleka shafti kwa mchongaji avishe pete. Funga utepe wa plastiki juu ya meno ya shafti ili yasikate mdomo unapopitisha.

Kurudisha shafti, isukume huku ukiizungusha polepole mpaka meno yashikane na yale ya ndani. Ikigoma usiivute kwa boliti. Itoe, izungushe kidogo, jaribu tena.

12. Magurudumu ya nyuma. Mafuta yakionekana upande wa ndani wa gurudumu, jaribu breki, kila pedali peke yake. Kwenye 135 breki za kulia na kushoto zinajitegemea, kwa hiyo upande uliolowa utaujua mara moja: pedali unakanyaga lakini gurudumu halishiki. Usiendelee kuvuta trela kwenye mteremko katika hali hiyo. Sili ya ekseli iko pamoja na beringi iliyoingia kwa nguvu kwenye shafti, na kuitoa kunahitaji mashine ya kushindilia na mtu anayejua kurudisha nafasi ya beringi kwa kipimo. Hapa nakushauri wazi: nenda gereji yenye presi. Na viatu vya breki vilivyokunywa mafuta usikubali kuoshewa kwa petroli na kurudishiwa. Vinaonekana vikavu vikiwa baridi, vikipata moto mafuta yanatoka tena.

13. Kitundu kilicho chini ya klachi. Chini ya nyumba ya klachi kuna kitundu chenye pini ya kuchezacheza, imewekwa makusudi ili kitundu kisizibe. Mafuta yakidondoka hapo, swali ni moja: ya injini au ya gia boksi? Kinga kwenye kikombe cheupe. Ya injini ya dizeli ni meusi tititi, ya gia boksi yana rangi ileile uliyoiona kwenye dipstiki ya nyuma. Thibitisha kwa kuangalia ni dipstiki ipi inayoshuka. Kuziba pini au kugomelea kitundu ni kosa baya, kwa sababu mafuta yatajaa ndani na kulowesha bamba la klachi.

Sili zote mbili za hapo, ya nyuma ya injini na ya mbele ya gia boksi, hazifikiki bila kukata trekta katikati, yaani kutenganisha injini na gia boksi. Ni kazi ya stendi, winchi na watu wawili wanaoelewana, na ekseli ya mbele lazima iwekewe kabari pande zote ili injini isipinduke. Kama ni tone moja moja na klachi inashika, ongeza mafuta na ungoje msimu uishe. Klachi ikianza kuteleza, usingoje. Na trekta likishakatwa, badilisha sili zote mbili, beringi ya klachi, na bamba kama limeisha. Gharama kubwa ni kulikata, si hizo sili.

14. Jaza na hakiki. Mimina mafuta kwa kutumia faneli safi yenye chujio. Washa, nyanyua na kushusha mara kumi bila mzigo, zima, ngoja, pima tena, ongeza. Futa kila mahali, paka poda upya, rudi kulikagua baada ya siku ya kwanza ya kazi.

Sehemu ya tatu: mzigo unashuka lakini mafuta hayapungui

15. Nyanyua plau zito mpaka juu. Zima injini. Pima kwa fimbo urefu kutoka ardhini, weka alama ya chaki. Likikaa saa nzima na kushuka kidogo, kwa trekta la umri huu shukuru, liache. Likishuka ndani ya dakika moja au mbili, kuna njia ndani.

16. Kabla ya kulaumu pampu, badilisha mafuta. Yamwage yakiwa ya moto, kupitia boliti zote za chini, maana ziko zaidi ya moja. Mafuta machafu hugandisha vali ya pampu, nayo isipofunga vizuri mzigo unacheza, unapanda na kushuka bila kuguswa. Kama yalikuwa na maji, jaza mapya, fanya kazi siku moja, mwaga tena yakiwa ya moto, ndipo ujaze ya kudumu. Usiendeshe pampu kwa dizeli tupu ati unasafisha; inahitaji ulainishaji.

17. Kama bado linashuka, zilizobaki ni o-ringi za bomba linalopeleka mafuta juu kutoka kwenye pampu, ringi za pistoni ya kunyanyulia, au vali zenyewe. Zote hutaka kifuniko kilicho chini ya kiti kinyanyuliwe kwa winchi. Fundi mzoefu atachungulia kwanza kupitia vifuniko vya ubavuni ili kuona mafuta yanaruka kutoka wapi. Mwombe akuonyeshe kwa tochi kabla hajaagiza kipuri. Mkono usiingie humo injini ikizunguka. Kifuniko kikishafunguliwa, o-ringi zote zibadilishwe, hata zinazoonekana nzima.

Ukikwama

Kinyanyuo hakinyanyui kabisa, mafuta yapo. Tazama wenzo wa PTO. Kwenye 135 ukiwa katikati, pampu haizunguki. Hili limewafanya watu wengi kuita fundi kutoka mjini.

Kinanyanyua asubuhi, kikipata moto kinagoma. Mafuta mepesi kupita kiasi au yamechoka, au o-ringi za ndani zimekwisha. Badilisha mafuta kwanza.

Kinalia na kunyanyua kwa kushtukashtuka. Kiwango kiko chini, au chujio la pampu limeziba na pampu inavuta hewa.

Sili mpya imevuja siku ya pili. Njia ya kupumulia imeziba, shafti ina mfereji, mdomo umekatwa na meno wakati wa kuweka, au beringi imelegea na shafti inacheza. Shika shafti uitikise juu na chini. Ikicheza, hakuna sili itakayodumu hapo mpaka beringi ibadilishwe.

Mafuta yamezidi kiwango bila kuongezwa. Ama ni maji ya mvua, ama trela la jirani lililofungwa kwako limerudisha mafuta yake, pamoja na uchafu wake. Trekta likiwa limelala usiku kucha, legeza kidogo boliti ya chini kabla ya kuwasha: maji hukaa chini na ndiyo yatakayotangulia kutoka. Kisha badilisha mipira ya gia, na mpaka itakapopatikana, funika na turubai.

Mafuta ya zamani yakusanye kwenye madumu yaliyoandikwa. Yasimwagwe kwenye mfereji wala kando ya kisima, na yasirudishwe kwenye trekta hata kama yamechujwa kwa kitambaa.